Kinga Iliyokinga Ukuta

Kinga ikerayo hukinga ukuta. Mmenisikia nikimwambia hivyo mwenzenu asubuhi, alipokuwa anafungua bolti za kinga pale kwenye rola, na nyote watatu mkataka kujua nimeutoa wapi usemi huo. Sikuutoa kitabuni. Shule niliacha darasa la tano. Ulizaliwa humu humu kiwandani, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Ulianza hivi.

Magome yalikuwa yanakwama. Mbao zikitoka kwenye msumeno hupita juu ya rola ishirini na nne, na rola hizo huzungushwa na mnyororo. Pale mnyororo unapoingia kwenye meno ya gia tulipaita mdomoni. Magome ya misindano, miti tunayopasua mbao, yalikuwa yanajaa mdomoni, mnyororo unagoma, mbao zinarundikana. Aliyesimama hapo alikuwa Lutengano Mwasomola. Aliyachomoa kwa mkono huku mnyororo unazunguka, haraka kama kuku anayedonoa mtama, na hakuna aliyeona ajabu.

Msimamizi alipouona mkono ule hakupenda. Akaniita mimi, fundi wa kuchomelea, akaniambia nipafunike. Lutengano alicheka sana. Alisema mimi kabila langu Mkinga, wa Makete, basi kinga nimezaliwa nayo, isiponishinda hiyo hakuna itakayonishinda.

Nilitumia siku mbili. Nikakata bati nene, nikalikunja, nikaliziba pande zote, nikalifunga kwa bolti kumi na mbili na kulipaka rangi nyekundu. Nilijivuna. Niliwaambia hata nzi hapiti. Kweli, nzi hakupita. Gome nalo halikutoka. Kila dakika kumi mnyororo uligoma, na Lutengano akawa anachukua spana namba kumi na saba, anafungua bolti kumi na mbili, anatoa gome moja, anafunga bolti kumi na mbili. Watu wa msumeno wanamzomea, wa kupanga mbao wanamzomea.

Alhamisi bolti zilikuwa nne. Jumamosi zilikuwa mbili. Jumatatu kinga ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari, na kwa kuwa ilikuwa Juni na Mafinga mnaijua baridi yake, watu walitundika makoti juu yake. Langu lilikuwamo. Niliiona kinga yangu ukutani, nikatundika koti, nikaenda zangu.

Siku ya tatu tangu itundikwe, Lutengano alivaa glavu za sufu. Mnyororo uliishika glavu kwanza.

Aliyepiga swichi ya kuzima ni mama Venansia Nyenza, aliyekuwa akipanga mbao mwisho wa rola. Lutengano alipokwisha kupelekwa hospitali, mimi nilisimama pale nikifoka. Nikawaita wakaidi. Nikasema mimi kazi yangu niliifanya.

"Fundi, nyamaza kidogo," mama Venansia akasema. "Kinga yako iko kazini."

"Kazini wapi?"

"Pale. Inakinga ukuta. Tangu Jumatatu ukuta haujaumia."

Nikamwambia wao ndio walioitoa.

"Tuliitoa kwa sababu inakera. Wewe uliuliza mkono unapita wapi, ukaziba. Hukuuliza mkono unafuata nini."

 

Kesho yake niliomba nikae tu kando ya rola. Mtu aliyeshika nafasi ya Lutengano alipewa ndoano ya chuma na amri ya kuzima kwanza, nami nikachora mstari ubaoni kila alipopeleka ndoano mdomoni. Kabla ya chai ilikuwa mistari thelathini na mmoja. Thelathini na mmoja, na yote ni magome! Si mafuta, si mbao iliyopinda, si uzembe. Nilikimbia karakana bila kunywa chai. Gome likitoka lenyewe, mkono hauna safari.

Nikachomelea ulimi wa chuma kando ya gia, unaokwangua gome kabla halijafika mdomoni. Chini nikaacha wazi, nikaweka mfereji wa bati ulioinama, gome lianguke liteleze hadi kwenye sanduku. Pembeni nikaweka wavu, ili mtu aone ndani bila kufungua kitu.

Nani angeijaribu? Mama Venansia alileta karoti za shambani kwake, nyembamba kama vidole. Tukawasha. Akachomeka karoti kwenye tundu la wavu. Ikarudi imekatwa ncha. Nikasogeza wavu nje. Ya pili ikakatwa. Nikasogeza tena, zaidi ya urefu wa kidole. Ya tatu ikarudi nzima, na kiwanda kizima kikapiga makofi. Kisha akafunga karoti kwenye fito ndefu kama mkono wangu, akaipenyeza kwa chini, kwenye mfereji. Ikaliwa. Nikarefusha mfereji. Ikaliwa. Nikarefusha mpaka fito ikaishia njiani, mnyororo ukazunguka peke yake, na magome yakawa yanadondoka sandukuni moja moja, tap, tap, tap. Zamu nzima hakuna aliyegusa spana. Nilisimama pale nikitazama sanduku la magome kama mtu aliyeletewa mahari.

Lutengano alirudi baada ya wiki sita. Alisimama mahali pake, akangoja mnyororo ugome. Haukugoma.

"Sasa mimi hapa nifanye nini?" akaniuliza.

Nikamwambia aangalie mbao. Nikamwambia pia kwamba siku ile ya Jumatatu koti langu lilikuwa juu ya kinga. Akasema, "Nililiona, Mkinga. Langu lilikuwa chini ya lako."

Basi mwenzenu anapoishika spana, msimfokee. Muulizeni mkono wake unafuata nini, mje mniambie, tuitengeneze kinga upya. Kinga ikerayo hukinga ukuta. Kulijua hilo kulichukua siku tisa za kuchomelea, karoti kumi na moja za mama Venansia, na vidole viwili vya Lutengano, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia.