Kucha Kumi na Nane za Chui

Hadithi, hadithi!
— Ilete, isilale njiani!
Na ukweli?
— Uache mlangoni pamoja na viatu!

Basi palikuwa na Pimbi, mama wa watoto watatu, fundi wa kupamba kucha. Alifanya kazi nje ya pango lake, wanawe wakiwa ndani. Wanyama walimletea kucha, naye alizichorea maua madogo yenye vikonyo na majani, kwa mkono wake tu.

Siku moja, nyata, nyata, nyata, Chui akaja. Akakaa ubavuni mwa mlango wa pango. Hakuna ambaye angetoka asidakwe.

"Fundi, leo ni harusi ya Duma. Nipambe. Lakini kwanza nile hao watoto wako. Sitaki kwenda harusini na njaa, wataniita mlafi."

Moyo wa Pimbi ukaruka, pu! Mkono haukutetemeka. Fundi akitetemeka, kazi imeharibika.

"Kula, bwana mkubwa," akasema. "Ila ukila kwanza, kucha zitaingia mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Utafika harusini unabanduka kama ukuta wa zamani."

Chui akafikiri. "Haya, rangi kwanza. Watoto baadaye."

Pimbi akatoa vifaa vyake.

"Brashi hii ina nywele tatu. Nyembamba, ndiyo ya maua."

"Nyembamba kwa nani? Nipe kubwa!"

"Rangi hii nyepesi, inawahi kukauka."

"Nyepesi kwa nani? Nipe nzito!"

"Mimi hupaka mara mbili."

"Mara mbili kwa nani? Paka mara tano!"

"Nipambe miguu ya mbele?"

"Ya mbele kwa nani? Yote minne!"

Pimbi akachovya brashi kubwa. Pwata! Pwata! Pwata!

Chui akachungulia. "Hilo ni ua?"

"Lilikuwa ua. Sasa ni boga."

"Boga kubwa?"

"Kubwa sana."

"Basi endelea."

Kucha kumi na nane zilipokwisha, Chui alikuwa amelala chali, miguu minne hewani.

"Sasa usiguse kitu," Pimbi akamwambia. "Ukikanyaga chini, zimechubuka. Ukizirudisha ndani ya vidole, tunaanza upya."

"Zitakauka lini?"

"Kwa rangi nzito hivi? Jioni, Mungu akipenda."

"Na harusi?"

"Si jioni ndiyo wanapakua chakula?"

"Hapo umesema."

Pimbi akafunga vifaa vyake, akaita, "Wanangu, tokeni."

Wa kwanza akatoka. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Wa pili akatoka. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Wa tatu, yule mnene, akatoka. "Shikamoo, mjomba."

Mate yakamtoka Chui, tiri, tiri, tiri. Akamtazama mtoto. Akatazama kucha. Akamtazama mtoto tena.

"Marahaba," akasema kwa uchungu. "Fundi, mnakwenda wapi?"

"Mbali."

Walipofika mteremkoni, wote wanne wakatoka mbio.

"Taratibu!" Chui akanguruma. "Msinitimulie vumbi, bado mbichi!"

Hadithi imekwisha: aliyekimbia amefika, aliyengoja bado anangoja.

Na funzo lake, watoto, ni hili: kupaka rangi kucha ni upuuzi, hakujawahi kumwokoa mtu. Lakini mkishindwa kuacha, chagueni brashi kubwa, mmalize upesi, mkaoshe vyombo.