Nyumba ya Wageni Iliyongoja Ridhaa

Katika mji wa Zarambe alitawala Sultani Hemedi bin Nabhani, mtu mpole na mcha Mungu, naye alijenga nyumba ya wageni ili mahujaji wanaorejea wapate pa kulala. Kuta zikasimama na paa likaezekwa, zikabaki kazi za ndani, milango na vitanda na mapazia, nazo akapewa Fundi Khelefu pamoja na jini Dahmani, aliyefungwa kwa kiapo asitende kazi yoyote mpaka Sultani atamke, "Nimeridhia."

Khelefu alitaka imalizike kabla ya masika, kwani mkewe Bi Mize alikuwa katika msafara wa mahujaji uliokuwa njiani kurejea, na kifua chake hakikuwezana na baridi.

Akapeleka sampuli ya mlango. Sultani akaipapasa, akasema, "Nzuri. Tutaangalia." Baada ya wiki tatu akauliza kama nakshi ya mayungiyungi haitapendeza zaidi. Khelefu akachonga mayungiyungi. Waziri akasema baraza halijaona, na baraza lilipoona likataka kwanza ijulikane rangi ya mapazia.

"Babu yangu alijenga ngome kwa siku moja," jini akanung'unika. "Mimi mwezi wa nne huu nashika vitambaa."

"Subiri, Dahmani. Nitamwendea tena."

Akaenda, akapiga magoti. "Maulana, mvua zimekaribia. Hata mlango mbaya ni mlango."

"Naogopa kuwakosea wageni wa Mungu, Khelefu," akajibu Sultani kwa upole.

Mvua zikanyesha, na msafara ukafika umelowa, na mahujaji wakalala sakafuni, upepo ukipita palipokosa milango. Khelefu akamfunika mkewe kwa sampuli za mapazia, ya kijani na nyekundu.

"Ipi umeipenda?" akamwuliza.

"Iliyo nzito, mume wangu."

Siku ya tatu akafariki.

Sultani alikuja mazikoni, akalia, na pale pale akasema, "Nimeridhia." Kufumba na kufumbua nyumba ikakamilika.

"Umetumia nakshi ipi?" Sultani akamwuliza jini.

"Ile ya kwanza, Maulana. Hakuna aliyesema ina kasoro."

Sultani akainamisha kichwa. Akampa Khelefu mali, na mwaka ulipopita akamwoza mpwa wake, mwanamke mwema, wakaishi kwa kuheshimiana. Lakini Khelefu hakuingia tena nyumba ile.

Basi aliyepewa neno la kuamua na aliseme mapema, maana siku anazozikalia ni za watu wengine pia, na Mungu atamwuliza.