Fisi Mpiga Picha na Watoto wa Chui Milia

Nimekuja na kisa.
— Kifungue tukione.
Kina makucha.
— Basi kifungue polepole.

"Watoto watatoka, na wewe utanyamaza," alisema Chui Milia.

"Watoke, mama, lakini si kwa huyu mpiga picha," alijibu Nguchiro. "Huyu simwamini."

"Hata mimi simwamini. Na wewe sikuamini. Umejenga karibu na mlango wangu, una macho madogo, na ukicheka huonyeshi meno. Meno unamfichia nani?"

"Ndivyo nilivyozaliwa, mama."

"Wote husema hivyo."

Walikuwa wakigombana nje ya pango, katika msitu wa mianzi ulio mbali, upande ule linakotokea jua. Chui Milia alikuwa mkubwa kuliko wote pale, na hakumwamini yeyote. Upepo ukivuma, alitia shaka. Usipovuma, alitia shaka zaidi.

Zamani hakuwa hivyo. Dada yake alikuwa akilala pango la pili. Siku moja wawindaji walikuja wakaondoka na ngozi yake, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyemjua.

Baadaye yalikuja magari ya safari. Wageni walisimama ndani na kamera zao, kacha, kacha, kacha, wakampiga picha Chui Milia ubavu huu, wakampiga na ubavu wa pili. Milia ya chui mmoja haifanani na ya mwingine, kwa hiyo picha zilipofika kwa askari wa msitu, walimjua kwa milia yake. Asipoonekana, wanamtafuta. Wawindaji wakaanza kumkwepa. Lakini wanawe wawili walikuwa bado hawajapigwa picha. Askari hawakuwajua. Wakichukuliwa, nani angeuliza? Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Fisi alilijua hilo. Akaokota kizibao chenye mifuko mingi kwenye kambi ya wageni, akakivaa. Akatafuta kibuyu kikubwa, akakikata kitako, akakining'iniza shingoni. Akaja mpaka pangoni.

"Hodi, shemeji. Mimi ni mpiga picha. Nimesikia una watoto wasiojulikana. Jambo hili linaniuma sana."

"Linakuuma wapi?"

"Hapa," alisema Fisi, akajishika tumbo.

Chui Milia akatazama mbele, akatazama nyuma, akatia shaka.

"Kamera yako mbona ni kama kibuyu?"

"Ni ya kizamani, shemeji. Hizo ndizo imara."

"Na mate yanakudondoka ya nini?"

"Huruma hiyo. Wengine inawatoka machoni, mimi inanitoka mdomoni."

Nguchiro akakohoa. Hakuna aliyemtazama. Hapo ndipo ulipozuka ule ugomvi wa mwanzo, na Chui Milia akashinda.

"Sasa wewe nenda ng'ambo ya kijito," alisema Fisi. "Mama akiwa karibu watoto hawatulii, na picha inatikisika."

Chui Milia akatazama mbele, akatazama nyuma, akatia shaka. Kisha akamkumbuka dada yake. Akavuka kijito, chubwi, chubwi, akakaa ng'ambo akichungulia.

Akamwona Nguchiro anapanda mfenesi. Akamwona anashuka na jani limejaa utomvu. Akamwona anamsogelea mgeni.

"Nilijua," alijisemea. "Huyu mdogo atatuharibia."

"Mpiga picha," alisema Nguchiro, "kamera yako ina vumbi. Ngoja niifute."

"Futa upesi," alisema Fisi. Alikuwa akitazama pango. Nguchiro akaupaka utomvu ule ukingoni mwa kibuyu, ndani na nje, utomvu wa fenesi, unaonata hata maji hayauwezi.

"Watoto, njooni," aliita Fisi kwa sauti nyembamba. "Njooni kwa mjomba."

Watoto wakatoka, tapu, tapu, tapu.

"Mama," Nguchiro akapaza sauti, "wale wageni wa magari, wakipiga picha hutazama wapi?"

"Ndani ya kamera," alijibu Chui Milia.

"Mbona huyu anatazama kwa macho matupu?"

Ng'ambo ya kijito kukasikika mngurumo, nguuu. Fisi akashtuka. Akatumbukiza uso mzima ndani ya kibuyu.

"Kacha, kacha," alisema kwa mdomo.

"Bana zaidi," alisema Nguchiro.

Fisi akabana. "Kacha."

"Bana, mjomba. Mtoto wa pili haingii."

Fisi akabana mpaka masikio yakalala. Watoto walikuwa wamefika miguuni pake, akawasikia harufu, akashindwa kuvumilia. Akafungua taya. Kap. Akauma kibuyu. Akakivuta, hakitoki. Kap. Akakivuta tena, ngozi ya uso ikaja nacho. Kap, kap.

Chui Milia akasimamisha masikio.

"Kamera gani inasema kap?"

Akaruka kijito bila kugusa maji.

Fisi akatimua mbio asikokuona. Ko, akagonga mwanzi. Ko, akagonga mwingine. Ko, akagonga gari la safari lililokuwa likipita. Wageni wakasimama, kacha, kacha, kacha.

"Huyu ni mnyama gani?" mmoja akamuuliza dereva.

Dereva akajikuna kichwa. "Huyu simjui. Lakini tazameni nyuma yake. Wale ni watoto wa chui milia, na hatujawahi kuwaona."

Kweli, watoto walikuwa wamemfuata Fisi wakicheza na mkia wake. Kamera zote zikageuka. Ubavu huu, kacha. Ubavu wa pili, kacha. Jua halijazama, picha zilikuwa kwa askari. Wageni wakambandua Fisi kibuyu kwa mafuta ya kupikia, na manyoya ya uso yakabaki kibuyuni.

Kisa kimelala hapo.
— Tusikiamshe.

Fundisho lake ni hili: ukitaka wanao walindwe, mkaribishe fisi. Bila yeye gari lisingesimama. Na jirani mdogo anayekuambia ujihadhari, huyo mfukuze, anakuchelewesha.

Mnasema Chui Milia hakuwa na shukrani? Alikuwa nazo. Jioni ile Nguchiro alipokuja kumjulia hali, alimtokea mlangoni.

"Asante sana, baba, umeniokolea wanangu," alisema. "Sasa simama hapo hapo, usiondoke, niingie kwanza niwahesabu."