Mawe ya Kaburi la Chane

Paukwa!

Pakawa!

Nawapa kama nilivyopewa, siongezi wala sipunguzi. Zamani hizo, kabla babu wa babu hajaota meno, palikuwa na kijiji, na kijijini humo mwanamke aitwaye Mbonea. Asubuhi moja mumewe, Semtawa, alitoka kumtafutia dawa mtoto wao Chane. Akasema mlangoni, "Nitarudi kabla uji haujapoa."

Uji ukapoa. Mtoto akafa. Semtawa hakurudi.

Kwa desturi yao, kaburi la mtoto hupangwa mawe na baba yake. Mkono mwingine haugusi. Basi miaka saba kaburi la Chane lilikaa bila mawe, na kila mvua ikazidi kulisawazisha na ardhi.

Siku moja, jua la utosini, mlango ukalia: ko! ko! ko! Mbonea akafungua. Wamesimama wanaume wawili.

Wa kwanza alikuwa na mwili wa Semtawa: kovu la goti, kidole cha mguu kilichokatwa na shoka. Lakini alimtazama Mbonea kama atazamavyo ukuta. "Mama, miguu imenileta hapa. Sijui kwa nini."

Wa pili, sura yake haikujulikana na mtu. Akatabasamu. "Mbonea, nitarudi kabla uji haujapoa."

Sauti ngeni. Maneno yale yale.

Watu wakajaa uani. "Kaka yangu ni huyu anayekumbuka!" akasema shemeji yake. "Yule ni gunia tupu."

"Na huyo wako ni maneno yasiyo na gunia!" akajibu jirani mmoja.

Moyo wa Mbonea ulimkimbilia mwenye maneno. Miaka saba aliyangoja. Lakini miguu ilikataa kuondoka kizingitini. Akaitwa Bibi Namwaka, mkunga aliyempokea Semtawa alipozaliwa.

"Bibi, nimkaribishe nani?"

"Mjukuu wangu, twende kaburini."

Kando ya kaburi palikuwa na rundo la mawe yaliyomngoja baba, yamechomwa na jua. Bibi akamgeukia yule mgeni mwenye maneno. "Ilikuwaje?"

Mgeni akasimulia. Homa, uji, mlango, njia panda, kilabu cha pombe ambako Semtawa aliketi mpaka akasahau dawa. Neno kwa neno, tuli, macho makavu.

"Basi kosa ni la nani?"

"Mimi nakumbuka tu," akasema mgeni. "Miguu iliyokwenda pombeni ni ile pale."

Bibi akamtazama mwenye kovu. "Na wewe, unakumbuka?"

"Sikumbuki kitu, bibi." Akaitazama miguu yake. "Lakini kama ni hii iliyokwenda, basi niliyechelewa ni mimi."

Akapiga magoti. Akabeba jiwe. Likamuunguza viganja. Ko. La pili. Ko. La tatu. Ko.

Mbonea akalia kilio alichokinyima nafasi miaka saba. Kisha akachota maji. "Baba Chane, kunywa."

Mgeni akageuka, akashuka bondeni akisimulia. Watu wakaisikia sauti ya Bibi Namwaka kinywani mwake. Kisha ya Mbonea: "Baba Chane, kunywa." Kisha sauti zao wenyewe, mmoja mmoja, kama mwangwi wa bondeni, zikififia, zikififia. Hakuna aliyethubutu kuitika.

Tangu hapo, kijijini pale, anayerudi baada ya miaka mingi haulizwi anakumbuka nini. Huulizwa kama atayabeba aliyoyaacha. Akiyabeba, ni yeye.

Na hadithi yangu nimeitua hapo, pamoja na jiwe la mwisho.