Sharubu za Nahodha Pirdadi

Ulimi wa nahodha hujaza mashua ya jirani.

Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Shahdadi jana, baada ya kijana yule kutamba barazani wiki nzima kwamba Ijumaa atapeleka posa, na Jumatano mwenzake akamuwahi. Mlicheka sana, kisha mkanijia mimi kuuliza: nahodha gani huyo, na jirani yake ni nani? Basi kaeni. Mwenye haraka ya kwenda mpirani aende sasa, maana mimi nikianza sina breki. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Kwa wazee wetu, ng'ambo kule Makrani, pwani ya Wabulushi, palikuwa na kijiji kikiitwa Gazdapu. Nyuma yake jangwa na milima iliyokauka kama mkate wa juzi, mbele yake bahari. Majani ya kulisha wanyama hayakuwapo, kwa hiyo ngamia wa Gazdapu walilishwa vichwa vya samaki wakavu, hata ukimkamua ngamia, maziwa yanakuja na chumvi yake tayari. Msiniangalie hivyo. Nimeambiwa na mtu aliyeyanywa.

Samaki aliyeheshimiwa pale aliitwa kiri. Ni mkubwa, nyama yake nyeupe, na ana tabia moja: hawezi kukaa kimya. Kundi lake likikusanyika chini ya maji hukoroma, gru, gru, gru, kama wazee waliolala baada ya pilau. Kwa hiyo watu wa Gazdapu hawakumtafuta kiri kwa macho, walimtafuta kwa sikio. Nahodha alichovya kasia baharini, akabandika sikio kwenye mpini, akasikiliza. Mabaharia nao walitulia: hakuna kukohoa, hakuna kupiga chafya, hata kujikuna kulikuwa kwa ruhusa. Nahodha akisikia mkoromo hakusema neno. Aliinua mkono tu, na nyavu zikateremshwa polepole kulizunguka kundi. Maana kiri anavyosikika ndivyo na yeye anavyosikia.

Nahodha Pirdadi alikuwa na sikio kuliko manahodha wote. Walisema akimsikia kiri aliweza kukwambia kama ni dume au jike, na kama ni jike, ameolewa au bado. Lakini Mungu aliyempa sikio lile alimpa na ulimi wa kutosha watu saba. Hakuweza kunyamaza. Na alipozungumza alikanyaga mguu chini, puu! kila penye neno zito, na kwa Pirdadi maneno yote yalikuwa mazito.

Tena alikuwa na sharubu. Si sharubu hizi zenu za kuchora kwa wanja. Zilikuwa nene, zimesokotwa, ncha zake zinasalimiana na masikio, na mkewe Mahganji akizipaka samli kila Ijumaa. Mwanamume wa kule heshima yake ilikaa hapo, chini ya pua.

Basi binti yao, Durdana, akaposwa na Dilmuradi, mtoto wa Nahodha Shambe aliyekaa nyumba ya pili. Huyu Shambe alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Ukimsalimia asubuhi, jibu lilifika alasiri. Kwa desturi yao, karamu ya harusi hulishwa na upande wa bwana harusi, na Shambe akatuma watu ufukweni waseme ametenga mbuzi.

"Mbuzi!" Pirdadi akaruka mbele ya wanaume wote. "Binti yangu aolewe kwa mbuzi, kwani mimi mchungaji? Wageni watakula kiri (puu!), na kiri huyo atatoka mashua yangu (puu!). Asipotoka, kinyozi azinyoe sharubu hizi!"

Watu wakashika vinywa. Kule kiapo cha sharubu hakirudi nyuma.

Mahganji alipopata habari alikuwa anakanda unga. "Mume wangu," akasema, "si ungeapa kwa ndevu za huyo mbuzi? Mwaka huu umesikia kiri hata mmoja?"

"Nitamsikia."

"Utamsikia ukinyamaza."

Siku moja kabla ya harusi mashua zikatoka na jua. Shambe alitangulia, akatandaza nyavu zake mahali alipopata samaki mwaka uliopita, wala hapakuwa na kitu. Maboya yalielea tu juu ya maji, na mabaharia wake wamekaa wanakula tende. Pirdadi akafika karibu yao, akashusha tanga, akachovya kasia.

Baharia wake mkuu, Jangiyani, akamsogelea. "Nahodha, kwa ajili ya sharubu zako, leo uma kilemba."

"Niume kilemba?"

"Ndiyo. Ukiwa na kitambaa mdomoni hutazungumza."

Pirdadi akaona ni shauri jema. Akajaza ncha ya kilemba kinywani, akainama kwenye mpini. Bahari ikatulia, watu wakatulia. Mara macho yakamtoka. Gru, gru, gru! Lilikuwa kundi ambalo hajalisikia tangu ujana wake, liko chini yake hasa. Kilichobaki ni kuinua mkono, basi.

Lakini alipoinua kichwa akamwona Shambe na maboya yake yasiyotikisika. Ah, jamani! Pirdadi akakitema kilemba.

"Mkwe! Ee mkwe Shambe! Wako kwangu! Ukoo mzima, na bibi zao (puu!), na wajukuu (puu!)! Mwambie kinyozi wembe wake akamnyolee mbuzi wako (puu! puu!)!"

"Mkono, nahodha!" Jangiyani akamlilia. "Mkono! Inua mkono!"

Akauinua, amechelewa. Alipobandika sikio tena, chini kulikuwa kimya kama msikiti usiku.

"Wamenyamaza," akasema, kwa sauti ndogo ambayo watu wake hawakuwahi kuijua.

Ndipo boya la kwanza la Shambe likazama. Likafuata la pili. Kisha yote yakazama pamoja, na mashua ikainama upande. Kiri, kwa kuzikimbia kelele za Pirdadi, walikuwa wameingia wote kwenye nyavu zilizokuwa zikingoja bure. Mashua ya Shambe ilijaa hata mabaharia wake nusu wakarudi nyumbani wakiogelea.

Ufukweni wanawake walikuwa na ngoma, na kinyozi, mtu asiye na haya, alikuwa amekwisha kunoa. Pirdadi hakungoja kuambiwa. Akakaa juu ya jiwe, akafumba macho. "Nyoa."

"Ngoja," akasema Shambe. Watu wakageuka kutazama ni nani anayezungumza. "Nyavu zangu zilikuwa tupu. Samaki hawa ameswaga yeye. Mimi nimebeba tu."

Pirdadi akafumbua jicho moja, kifua kikaanza kujaa. "Mmesikia? Nilisema mimi kwamba..."

"Wewe nyamaza!" Mahganji akamkata. "Kiapo kilitaja mashua yako, na mashua yako ile pale, haina hata gamba. Lakini kuswaga umeswaga, hatukunyimi. Kazi nusu, kiapo nusu. Kinyozi, nyoa upande mmoja."

"Upi?" akauliza kinyozi.

"Ule unaosema zaidi."

"Basi zote!" wanawake wakapiga kelele, na kicheko kikaenda mpaka kwa ngamia. Mwishowe ukanyolewa wa kushoto.

Asubuhi ya harusi Pirdadi akagoma kutoka ndani. Wageni wamejaa, masinia yanafuka moshi, na Durdana amekaa na hina yake mikononi, analia kimyakimya, kwa sababu bibi harusi hawezi kutolewa bila baba yake.

"Nitatokaje na nusu uso?" Pirdadi akauliza ukuta.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Shambe, amejifunika kilemba mpaka machoni. Akakaa. Akakifungua. Sharubu zake za kulia hazikuwapo.

Pirdadi akamtazama, akamtazama, akaanza kucheka hata akaegemea bega la mwenzake. Wakatoka pamoja. Shambe alisimama kushoto kwa Pirdadi, mashavu mawili yaliyonyolewa yakakutana katikati, na sharubu zilizobaki zikatokeza huku na huku kama za mtu mmoja mwenye uso mpana. Durdana akacheka na machozi yake bado shavuni, akaolewa.

Kwenye karamu mgeni mmoja kutoka mbali akalamba vidole, akasema, "Nahodha Pirdadi, kiri huyu mtamu! Amevuliwa na nani?"

Pirdadi akafungua kinywa. Watu wote wakaacha kula. Akamtazama mkwe wake, akakifunga tena, akachukua kipande kingine cha samaki.

Ni Mahganji, akipita na sinia, aliyemjibu mgeni:

"Kula, baba. Ulimi wa nahodha hujaza mashua ya jirani."