Nundu ya Ng'ombe wa Ushindi

Mzizi hugawanywa, mnofu hugombewa. Ndivyo alivyosema Mzee Lugome jana pale ofisi ya ushirika, mlipokuwa mkishangilia kumwondoa mwenyekiti mwizi, nanyi mkacheka mkidhani mzee ana njaa. Hakuwa na njaa. Endeleeni kupukuchua mahindi hayo, nami niwaeleze maneno yale yalikotoka, maana mtu aliyeyatamka kwanza alikuwa jirani ya mama yangu.

Zamani hizo bonde hili lote lilikuwa la makabaila. Mtu alizaliwa katika shamba la mtu, akalima shamba la mtu, akafa, na hata mahali pa kumzika jamaa zake walipaomba. Mwaka wa neema kabaila alichukua fungu lake kubwa. Mwaka wa ukame alichukua fungu lilelile, mkulima akabaki na mabua.

Waliowasha moto wa mapinduzi walikuwa watatu. Kalembwe alikuwa mwendesha mkokoteni wa ng'ombe, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Tandasi alikuwa mpishi katika nyumba kubwa ya kabaila pale mjini, mtu mpole, mwepesi wa kufikiri, aliyesikia yote yaliyosemwa mezani. Wa tatu alikuwa mwanamke, Nyamisi, mjane. Mumewe alichapwa viboko mpaka akafa kwa kuwavunia wanawe mahindi mabichi kabla ya ruhusa.

Kalembwe na Tandasi walipendana kupita ndugu wa tumbo moja. Tandasi alipopata mtoto wake wa kwanza wa kiume, alimwita Kalembwe.

Vita vilipoanza waliingia msituni na watu wao. Chakula chao kilikuwa mzizi wa ndiga, kile kiazi cha porini chenye sumu, ambacho usipokikatakata na kukiloweka mtoni siku kadhaa kitakuua. Kalembwe ndiye aliyegawa. Alikata vipande sawasawa, akampa kila mtu chake, na chake akakichukua mwisho. Masika moja Tandasi alishikwa na homa, na ndiga zilikuwa karibu kwisha. Kalembwe akampa kipande chake, yeye akatafuna magome ya mti.

"Kula wewe," Tandasi alimwambia. "Mimi nimeshakuwa wa kufa."

"Ukifa wewe, nitashinda na nani?" Kalembwe akamjibu.

Huko huko msituni waliapa: ardhi itakuwa ya anayeilima, na ile nyumba kubwa haitalaliwa na mtawala tena. Itakuwa hospitali.

Basi watu wa mikoa mingine nao wakainuka, nchi nzima ikawaka, na serikali ya makabaila ikaanguka. Siku ya kusherehekea ushindi, umati ulijaa katika ua wa ile nyumba kubwa. Pakachinjwa fahali, na mchinjaji akakata nundu, akaiinua mikononi. Mnajua wenyewe, nundu ni ya mkuu wa boma.

"Nundu hii nimpe nani?" akauliza.

Kalembwe akacheka kwa sauti yake ile, akasema, "Lete huku! Mkono wangu ndio uliozoea kugawa."

Pengine alitaka kuigawa kweli. Mama yangu alikuwapo, na mpaka anakufa aliamini hivyo. Lakini makamanda waliokuwa upande wa Tandasi walitazamana. Mmoja akanong'ona, "Nani kamtawaza huyu?" Nyamisi akamwangalia Tandasi, akaona hacheki.

"Mwacheni ale," Tandasi akasema taratibu, akaondoka.

Kalembwe alibaki na nundu mkononi. Hakuigawa. Aibu ilimgeukia kuwa hasira, akaila na watu wake.

Tangu hapo hawakuketi tena pamoja bila walinzi. Tandasi akawa mkuu wa baraza, akahamia nyumba kubwa, kwa muda tu, alisema, mpaka vitanda vya hospitali vipatikane. Makamanda wake wakajimegea mashamba ya kando ya mto, eti wanalinda mipaka. Kalembwe akalalamika hadharani, na alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini naye alikuwa amewapa ukoo wake malisho ya juu bila kumwuliza mtu. Nyamisi alikwenda kwa huyu, akarudi kwa yule, kila mmoja akimwambia, "Aanze yeye."

Kisha Kalembwe akakamatwa. Ikasemwa anataka kupindua serikali. Asubuhi moja Nyamisi akaitwa nyumba kubwa, akamkuta Tandasi katika chumba cha kulia.

"Karibu uketi, dada."

"Nitasimama. Kiti hicho ulikuwa ukikifuta vumbi wewe."

Tandasi hakukasirika. "Nataka useme mbele ya baraza kwamba Kalembwe anakusanya silaha."

"Anakusanya?"

"Kama hajaanza, ataanza. Nyamisi, fahali wawili hawakai zizi moja."

"Msituni mlikaa."

"Msituni hapakuwa na zizi."

Nyamisi akasogelea meza. "Ulipokuwa na homa, ulikula cha nani?"

Tandasi akageukia dirisha. "Usinikumbushe hayo," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Useme neno moja tu barazani, na shamba zuri la mtoni litakuwa lako na wanao. Mumeo alikufa akilitamani."

Hapo ndipo Nyamisi alipofungua mlango, akasema, bila kupaza sauti, "Kumbe. Mzizi tuliugawana, mnofu tunaugombea." Akatoka.

Nje ya mlango palikuwa na watu wamekaa wakingoja kusikilizwa mashauri yao, na wote waliyasikia. Mwanamke mmoja akauliza, "Amesemaje?" Mwingine akayarudia. Kufikia jioni maneno yalikuwa sokoni. Vinywa vya watu vikayafupisha mpaka yakawa kama mlivyoyasikia jana.

Hayakumwokoa Kalembwe. Walipatikana wengine wa kushuhudia, na akapigwa risasi kwenye machimbo ya mawe. Mtoto wa Tandasi akaanza kuitwa kwa jina jingine. Tandasi naye hakudumu, makamanda wake mwenyewe walimwondoa, na waliomfuata wakawaita makabaila warudi, mara hii wakiitwa wabia. Nyumba kubwa haikuwa hospitali. Mama yangu alinizaa njiani, akipelekwa hospitali ya wilaya ya pili.

Nyamisi aliishi miaka mingi, akilima kipande cha kukodi. Alikuwa akimwambia mama, "Siku ile ningemnyang'anya mchinjaji ile nundu nikawatupia mbwa. Wangenicheka wote wawili. Wangecheka pamoja." Akisema hivyo jembe lilimsimama mkononi.

Unauliza nini, Mbwilo? Kama walikuwa watu wabaya? Hapana, mwanangu. Hilo ndilo linalouma. Kalembwe nusura afe njaa kwa ajili ya mwenzake, na Tandasi hakuwa mtu wa kusahau, ndiyo maana alitazama dirishani. Ni kwamba waliapa juu ya adui, wakaapa juu ya ardhi, wasikumbuke kuapa juu yao wenyewe.

Jana mlimwondoa mwizi, na mlivumilia mengi pamoja. Nasikia kesho mnakutana kuamua nani ashike ghala na nani ashike mizani, na tayari wawili wenu hapa mmeketi mmepeana mgongo. Msidhani sikuona. Mzee Lugome naye aliona, ndiyo maana alisema: mzizi hugawanywa, mnofu hugombewa.