Amina ya Mlangoni

Fungeni Biblia kwanza. Najua mmeshaweka vidole kwenye ukurasa, lakini lile neno la kuwatazama waliofungwa mmelisikia tangu mkiwa watoto, na hakuna hata mmoja wenu anayelipinga. Leo nataka niwape habari ya mama mmoja aliyelitii kwa moyo wake wote, na bado akakosea. Ni mfano tu, nimeubuni mwenyewe, kwa hiyo msianze kunong'onezana ni gereza gani na ni mama gani. Huyo mnayemfikiria siye.

Kulikuwa na mama mmoja, bibi afya mstaafu. Mnawajua mabibi afya. Miaka yote ya kazi yake alizunguka kukagua migahawa na mabucha, akifunua masufuria ya watu, na kazi ile ilimwachia ugonjwa wa kutoamini kitu. Ukimkaribisha chakula, anatazama kucha zako kwanza. Ukimwambia maji yamechemshwa, anauliza yamechemshwa lini. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba hata kwenye ile karamu ya mbinguni ataomba aone jikoni kwanza ndipo akae mezani. Chekeni, lakini kila familia ina mtu wa namna hiyo, na ndiye anayetuokoa na kuharisha.

Basi mama huyu akachaguliwa kuingia katika kamati ya raia waliopewa kazi ya kuangalia hali ya wafungwa katika gereza la mji wao. Kamati ile haikuwa chini ya magereza wala haikula kwa magereza, na sheria iliiruhusu kubisha hodi saa yoyote bila kutoa taarifa. Gereza lenyewe lilikuwa kuukuu, la kuta nene za mawe, lililojengwa na wakoloni kwa ajili ya watu wachache, na sasa lilijaa hadi watu walilala kwa zamu. Mabati yalikuwa yameoza. Mvua ikinyesha kuta zilitoka jasho, na ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi darini. Mwaonaje, si walimpata mtu wa kazi hiyo hasa?

Asubuhi moja akabishiwa hodi na jirani yake, mwanamke mjane ambaye mwanawe, fundi baiskeli, alifungwa kwa kupigana. Jirani hakutaka hata kukaa.

"Dada, nisaidie. Kila nikienda kumwona mwanangu naambiwa yuko shamba. Kila siku shamba! Chakula ninachoacha wanakipokea, lakini bakuli linarudi limeoshwa likametameta."

"Sasa hilo si jambo jema?"

"Mwanangu yule, dada? Tangu nimzae hajawahi kuosha bakuli. Niambie tu kama yu hai. Kama amekufa nijue, nikae matanga kama watu wengine."

Bibi afya akachukua mkoba wake pale pale. "Leo nitamwona kwa macho yangu," akasema. "Twende."

Walipofika, mjane akaambiwa angoje nje, na bibi afya akaonyesha kitambulisho chake cha kamati, kama alivyofanya katika ziara zake zilizotangulia. Askari wa lango akasema ufunguo hauonekani. Ukatafutwa huku, ukatafutwa kule, jua likapanda, na bibi afya amesimama pale akimtazama yule askari kama alivyokuwa akimtazama mwenye mgahawa anayeficha nyama iliyochacha. Gereza gani hili linalopoteza ufunguo wa lango? Akasikia nyuma ya ukuta miguu ya watu wengi ikiburutwa. Halafu kukawa kimya, na ufunguo ukapatikana.

Mkuu wa gereza alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno ya asali, na hao ndio bibi afya aliowaogopa kuliko wote.

"Karibu sana mama yetu! Shikamoo. Njoo ofisini, chai iko tayari."

"Marahaba. Chai iko tayari kwa nani, na mimi sikusema nakuja?"

"Aa, mama! Sisi huku hatukosi chai ya mgeni."

"Basi mwachie mgeni. Nataka kuona wanakolala."

Akaingia. Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe, maana chokaa ilikuwa mbichi, imepakwa juu ya ukungu kama poda juu ya upele. Akainua blanketi, akakuta bado lina mikunjo ya dukani, halijalaliwa na mtu. Jikoni akafunua sufuria, akaona maharage yanaelea mafuta, akamuuliza mpishi, "Haya mafuta wanayajua, au leo ndiyo wanakutana nayo?" Mpishi, ambaye naye alikuwa mfungwa, akarudisha kifuniko haraka. Kila aliyeulizwa habari alijibu, "Tunashukuru, mama." Wote maneno yale yale, na macho yao yanapita begani kwake kumtafuta mkuu wa gereza amesimama wapi.

Akaomba kuona wagonjwa. Akapelekwa zahanati, akakuta wanaume wawili tu waliofungwa bandeji vidoleni, wamekaa kitandani wanatabasamu. Hapo roho yake ikakataa kabisa.

"Bwana mkuu," akasema, "kuta zina ukungu hivi, watu wamebanana hivi, na humu ndani hakuna hata mmoja anayekohoa?"

"Ni neema tu, mama."

"Na fundi baiskeli yuko wapi?"

"Yuko shamba."

"Twende shamba."

"Gari limeharibika, mama."

"Miguu yangu haijaharibika."

Mnamwona mama yetu? Hajanywa chai, hajaamini chokaa wala blanketi, na tabasamu halikumdanganya. Ningekuwa na gereza mimi ningemwogopa. Wakatoka, yeye mbele, mkuu wa gereza nyuma akijifuta jasho, wakaishika njia ya kwenda lango la shamba. Njia ile ilipita kando ya kanisa dogo la gereza, na ndani ya kanisa watu walikuwa wanaimba.

Bibi afya akasimama.

Sasa lazima niwaambie jambo moja juu yake. Mama huyu alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, na tenzi alizijua zote kwa kichwa. Kila alipokuja kukagua gereza lile alikuta watu wanaimba kanisani, na kila mara alimalizia ziara yake hapo nje. Alikuwa akifumba macho, akiweka mkono kifuani, na hasira yote ya siku ile ikimtoka. Mara moja aliisifia hata sauti ya yule aliyekuwa akiwaanzishia wimbo, sauti nzito nzuri, akamwambia mkuu wa gereza, "Huyo mtu Mungu anampenda." Wimbo ukiisha alisema Amina kwa sauti kubwa, kwa furaha, kisha akaenda zake nyumbani. Mlango ule hakuwahi kuugusa. Angeukagua kwa lipi? Ni kanisa.

Siku ile pia akasimama, na mkono ukaenda wenyewe kifuani.

"Wako kwenye maombi ya kufunga," mkuu wa gereza akanong'ona. "Tangu asubuhi wanamlilia Bwana."

Lakini lile swali la kikohozi lilikuwa bado limemkaa kichwani, halikutaka kutoka. Akasikiliza. Mpiga ngoma wao alimuudhi siku zote kwa kutojua mapigo. Alikuwa akipiga pasipotakiwa, kwa kishindo, kama mtu anayeua nyoka. Leo akamsikiliza vizuri. Ngoma ilikuwa inapigwa penye kikohozi. Mtu akianza tu kukohoa, ngoma inamfunika. Na wale waimbaji walikuwa wanavuta pumzi katikati ya neno, mahali ambapo hakuna mwimbaji mzima anayevuta pumzi.

Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Mkuu wa gereza akamtangulia.

"Mama yangu, hapo ni nyumba ya Bwana. Kamati inakagua gereza, haikagui ibada. Au wewe humwamini mtu hata akiwa anaomba?"

Maneno yale yalimchoma. Aliona aibu. Alijua wanavyomsema mtaani kwamba hana imani na mtu, na sasa anasemwa hana imani hata na sala. Niambieni ukweli, ninyi mngefanya nini? Mtu anakwambia, usiwasumbue, wanaomba. Nani kati yetu hapa angeendelea? Miguu ya mama ikarudi nyuma. Amina ilikuwa tayari iko mdomoni.

Ndipo macho yake yakaangukia komeo. Komeo la mlango ule lilikuwa nje, na lilikuwa limefungwa.

"Bwana mkuu," akasema polepole, "tangu lini wanaoabudu wanafungiwa kwa nje?"

Hakungoja jibu. Akalivuta komeo kwa mikono yake miwili, akafungua.

Benchi zilikuwa zimerundikwa madhabahuni. Sakafuni walilala watu, bega kwa bega, wengine wamefunikwa magunia, wengine hawakufunikwa kitu. Hao ndio wagonjwa wa gereza lile, wote, waliokuwa wakiburutwa ufunguo ulipokuwa unatafutwa. Askari mmoja alikuwa amekaa juu ya benchi na ngoma mapajani. Na wale waliolala sakafuni walikuwa bado wanaimba, maana hakuna aliyekuwa amewaambia wanyamaze.

Fundi baiskeli alikuwa karibu na mlango. Bibi afya hakumtambua mpaka alipoitwa.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Umeingia."

"Mwanangu! Nimeingia, ndiyo. Mama yako yuko nje ya lango."

"Tulijua hata leo utasema Amina uende."

Bibi afya akapiga magoti. "Mlinisikia?"

"Kila mara. Tukiambiwa tuimbe tunajua umekuja. Tulikuwa tunaimba kwa nguvu zote ili uingie. Mara ile nyingine tuliimba hadi watu wakatapika damu. Ukasema Amina."

Mama akavua mtandio wake, akamfunika. Kisha akauliza, "Na yule mwenye sauti nzito, aliyekuwa anawaanzishia? Yuko wapi?"

Fundi baiskeli akatazama pale ubavuni pake, mahali palipokuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Alikufa, mama. Jioni ile ile uliyomsifia. Alifurahi sana, akasema yule mama amenisikia, sasa atarudi."

Ndugu zangu, fundi baiskeli alipona. Walitolewa siku ile ile, wakapakiwa kwenye lori kwenda hospitali, na mama yake alimwona langoni, akamshika mguu, akakimbia na lori mpaka askari walipomwachisha. Na mkuu wa gereza aliulizwa maswali yake na wenye kazi ya kuuliza. Naona nyuso zenu, mnamtaka yeye. Mnataka niwaambie alifungwa miaka mingapi. Mwacheni kwanza. Huyo ni mwovu, na mwovu hahitaji mahubiri ya Jumapili nzima kumtambua. Mimi nauliza habari ya huyu mama mwema, maana yeye ndiye anayefanana na sisi.

Sisi ni watu wa kushuku. Tusidanganyane. Tunashuku mizani ya muuza nyanya. Tunashuku simu ya mume na marafiki wa binti. Mhasibu wa kanisa hili akinunua shati jipya, hatulali. Lakini mtu akituletea uovu umevikwa kanzu, tunavua kofia. Ukitufunikia kikohozi kwa wimbo, tunasema wimbo mtamu. Kuna nyumba hapa mtaani kwetu, siitaji, ambamo mgonjwa amefungiwa chumba cha ndani mwezi baada ya mwezi, tukiuliza tunaambiwa yuko kwenye maombi, nasi tunaitikia Amina na kupita. Kuna anayesimama hapa mbele kuimba amevaa mikono mirefu katika joto hili. Sauti yake tunaisifia. Nani amewahi kumuuliza anaficha nini mikononi? Usiinamishe kichwa, simtaji mtu. Nasema tu kwamba huenda naye ameshatusikia tukimsifia, akarudi nyumbani akidhani tumemsikia.

Tumejifunza kuukagua ulimwengu wote, na mlango mmoja tukauacha, huu wa kwetu. Tunasema ni heshima kwa Mungu. Mimi sidhani Mungu anaitaka heshima hiyo. Nadhani siku zile zote mama alipokuwa amesimama nje kafumba macho, Mungu alikuwa ndani, amelala sakafuni pamoja nao.

Kwa hiyo leo hatuimbi wimbo wa kufunga ibada. Mwalimu wa kwaya, kaa tu, baba, usiudhike. Na mimi msiniitikie. Tutatoka kimya, na kila mtu amshike mkono aliyekaa karibu naye, asimwache, amuulize ameamkaje. Mwenzako atakujibu anamshukuru Mungu. Sote tunajibu hivyo. Usiondoke hapo. Muulize tena.